Tupime Mteremko wa Paa Kabla ya Kununua Mabati

Idadi ya mabati ya kuezekea jengo hutegemea mteremko wa paa. Kamati ikikisia kwa macho, fedha za washarika na wafadhili zinaweza kwisha kabla paa halijakamilika. Katika toleo hili tunaeleza njia rahisi ambayo kila kamati inaweza kuitumia ikishirikiana na fundi wake kabla ya kuezeka upya jengo la zamani.

Vifaa vinavyohitajika ni pima maji, futi ya kupimia, timazi na ubao ulionyooka wenye alama ya sentimita 100 kutoka ncha moja.

1. Msipande juu ya mabati ya zamani. Pimeni kwa ndani, mkiwa na ngazi iliyoshikwa na mtu.

2. Gusisheni ncha ya ubao chini ya mbao ya kenchi inayopanda kuelekea kileleni. Wekeni pima maji juu ya ubao, mkiuinua au kuushusha hadi povu litulie katikati.

3. Ning'inizeni timazi kutoka kwenye mbao hiyo, uzi upite kwenye alama ya 100. Pimeni uzi kutoka mbao ya kenchi hadi juu ya ubao. Huo ndio mwinuko.

Kisha pimeni umbali wa usawa kutoka chini ya kilele hadi ukingo wa paa. Ili kupata urefu wa ulalo, zidisheni umbali huo hivi: mwinuko wa sentimita 20, kwa 1.02, 30, kwa 1.044; 40, kwa 1.077, 50, kwa 1.118.

Tuchukue mfano wa umbali wa meta 5.5. Kwa mwinuko wa 30, ulalo ni meta 5.74. Mabati mawili ya meta 3, yakipandana sentimita 20, hufunika meta 5.80, hivyo yanatosha. Mwinuko ukiwa 40, ulalo ni meta 5.92. Hayatoshi, na itabidi kuongeza safu ya tatu kila upande. Tofauti hiyo ya sentimita 10 ni vigumu kuiona ukiwa chini, lakini inabadilisha bajeti nzima.

Mapaa ya zamani huweza kubonyea, kwa hiyo pimeni sehemu tatu na kutumia kipimo kikubwa zaidi. Tunazishauri kamati ziambatishe vipimo hivi kwenye maombi ya fedha, ili mshirika na mfadhili waone sababu ya kila bati linaloombwa.