Bustani ya Mimea na Msitu wa Asili: Mfano wa Karomia gigas katika Pwani ya Lindi

1.0 Utangulizi

Bustani ya mimea hutofautiana na bustani ya kawaida kwa kuwa mimea yake huwekewa kumbukumbu. Huandikwa jina la mmea, mahali ilikochumwa mbegu yake, tarehe ya kuchumwa na, inapowezekana, mti mama. Kwa msingi huo bustani hutekeleza kazi tatu kwa pamoja: kukuza mimea, kuichunguza na kuwapa watu nafasi ya kuifurahia. Makala haya yanafafanua uhusiano wa kazi hizo na misitu ya asili ya Mkoa wa Lindi kwa kutumia mfano wa mti adimu, Karomia gigas. Hoja kuu ni kwamba bustani inaweza kuuokoa mti usitoweke, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya msitu. Aidha, bustani inapokuwa mbali na msitu, manufaa yake kwa wenyeji hupungua.

2.0 Usuli

Bustani za mimea za Tanzania zina historia ndefu. Bustani ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1893, na taasisi ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902. Zote mbili zilianzishwa chini ya utawala wa Kijerumani, ambao ulitilia mkazo mazao ya biashara. Amani, kwa mfano, ilifanyia majaribio mikwinini, mipira na mibuni. Misitu ya pwani ya kusini haikuwa kiini cha shughuli hizo.

Hata hivyo, misitu hiyo ina hazina ya pekee. Rondo, Litipo na Pindiro ni mabaki ya misitu yaliyotawanyika, na baadhi ya spishi zake hazipatikani kwingineko isipokuwa katika vipande vichache vya ardhi. Kwa sababu hiyo, kufyeka eneo dogo kunaweza kufuta spishi nzima. Erythrina schliebenii, mti wenye maua mekundu na miiba shinani, ni ushahidi wa hatari hiyo. Sampuli zake za mwanzo zilikusanywa karibu na Ziwa Lutamba katika miaka ya 1930, na mwaka 1998 uliorodheshwa kuwa umetoweka. Baadaye ulionekana tena katika msitu usiohifadhiwa kisheria, ambao nao ulifyekwa kwa ajili ya kilimo cha mimea ya nishati. Mwaka 2011 wanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliupata tena katika eneo la Kilwa.

3.0 Mfano wa Karomia gigas

Katika utafiti huohuo wa mwaka 2011 ilipatikana pia Karomia gigas, mti mrefu wa familia ya Lamiaceae, ambayo ndiyo familia ya mrehani. Spishi hii ilijulikana kwanza kutokana na mti uliopatikana Kenya mwaka 1977, ambao baadaye ulikatwa. Kwa muda ilidhaniwa kwamba imetoweka kabisa.

Kuukuza mti huu kulikuwa kugumu. Tunda lake hushikamana na kalisi pana inayofanana na karatasi, na mara nyingi mbegu hushambuliwa na kuvu kabla ya kuota. Majaribio ya awali yaliyofanyika nchini yalitoa miche michache. Mwaka 2018 maelfu ya matunda yalipelekwa katika Bustani ya Mimea ya Missouri, jijini St. Louis, Marekani. Mbegu nyingi hazikuwa na uhai, lakini miche kadhaa ilipatikana. Miche hiyo ilipokua na kuchanua, wataalamu waliweza kulichunguza ua la spishi ambayo hadi wakati huo maua yake hayakuwa yameelezwa kisayansi.

4.0 Mjadala

Mfano huu unadhihirisha uwezo wa bustani. Ua lililo kileleni mwa mti mrefu msituni ni vigumu kulifikia. Kitaluni mtunzaji huliona siku linapofunguka. Aidha, miche iliyogawanywa katika bustani mbalimbali hupunguza hatari ya spishi kupotea kwa moto au shoka la siku moja.

Mipaka yake nayo ni bayana. Kwanza, miche inayotokana na miti mama michache hubeba sehemu ndogo tu ya tofauti za kijeni za spishi. Pili, kitalu hakina wadudu wachavushaji wala viumbe wa udongo ambao mti huishi nao msituni. Tatu, mkazi wa Kilwa hana fursa ya kuuona mti wa kwao katika nyumba ya vioo ya St. Louis. Asiyeujua mti hana sababu ya kuuacha anaposafisha shamba.

Hoja ya tatu inahusu maarifa pia. Wamwera, Wamachinga, Wamakonde na Wamatumbi wana majina na matumizi ya mimea ya misitu yao. Kumbukumbu za bustani zikiandikwa kwa Kilatini pekee, maarifa hayo hubaki nje ya rejista. Kibao chenye jina la kisayansi, jina la Kiswahili na la lugha ya mahali humwezesha mtafiti na mwanakijiji kuzungumzia mti mmoja bila kupotezana.

5.0 Hitimisho

Karomia gigas haikuokolewa na taasisi moja. Ilihitaji wanabotania walioitafuta msituni, wachumaji wa matunda na watunzaji wa vitalu. Kiungo kinachokosekana ni bustani ya mimea katika Mkoa wa Lindi wenyewe, ambako miche ingekua katika joto na mvua za kwao bila nyumba ya vioo, na wanafunzi wangejifunza kuitambua. Bustani hiyo ingekuwa na maana endapo tu misitu inayoilisha mbegu ingelindwa kwanza. Miti mama ikikatwa, kitalu hakitapata mbegu mpya.