VLC haiuzwi: ukitoa makuta, ujue unalipia nini

Katika kartie Katoyi, komine ya Karisimbi, kazi ya kutia sinema na muziki ndani ya flashi haijakufa. Simu za kisasa zimejaa, ndiyo, lakini megabaiti ni ghali, na familia nyingi bado zinaangalia video kwenye kompyuta ya zamani, watoto wote wamejipanga mbele yake. Tulipozunguka huko kuuliza habari za hiyo kazi, tulikuta jambo ambalo halikutufurahisha: watu wanauziwa laisensi ya VLC, ile programu ya kuangalia video yenye alama ya koni ya rangi ya machungwa.

Mama mmoja, ambaye bwana yake alifariki kwenye kareyi upande wa Masisi, alituonyesha flashi yake. Ndani iko na video saba alizopiga marehemu kwa simu ndogo ya zamani: wenzake wanacheka kwenye mlango wa shimo, mvua inanyesha juu ya mashitingi, yeye mwenyewe anaita watoto majina, mmoja mmoja. Kwenye kompyuta ya nyumbani picha ilikuja bila sauti. Fundi akamwambia: « Mama, hapa lazima tununue kodeki, kisha tulipe laisensi ya VLC. Dola kumi. » Mama hakuwa nazo. Video zikakaa miezi, watoto wanaona mdomo wa baba unacheza tu.

Hiyo laisensi ya kulipa haipo.

VLC ilianza mwaka 1996 huko Ufaransa, kwenye shule ya mainjinia École Centrale Paris. Wanafunzi walikuwa wanataka mtandao wa haraka zaidi kwenye mabweni yao, na tuseme ukweli, michezo ya kompyuta ilikuwa sababu kubwa. Ili kupata ule mtandao, wakatengeneza mfumo wa kupitisha televisheni ya satelaiti ndani ya kompyuta za shule. Ile koni inatoka kwao pia: walikuwa na tabia ya kukusanya koni za barabarani. Mwaka 2001 shule ikakubali kazi yao itolewe kwa watu wote chini ya laisensi inayoitwa GPL. Leo inatunzwa na shirika lisilotafuta faida, VideoLAN. Rais wake, Jean-Baptiste Kempf, amesema mara nyingi mbele ya watu kwamba alikataa mamilioni ya euro ya wale waliotaka kutia matangazo ndani yake. Mwezi wa kwanza 2025 walitangaza kwamba imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 6.

GPL inasema nini? Tumia, nakili, mpe jirani, fungua uone imetengenezwa namna gani, badilisha ukitaka. Ukimpa mwingine ile uliyobadilisha, mpe pia maandishi yake ya ndani, na yeye apate haki ile ile uliyopata wewe. Fundi hakatazwi kuomba kitu. Ametembea, ametumia umeme wake, ametoa saa yake. Mtu anayebeba gunia kutoka kareyi analipwa mgongo wake, na hakuna anayemlaumu. Lakini akisema jiwe ni lake, hapo tutagombana. Kwa hiyo uliza: « Hizi dola ni za kazi yako, ao ni za programu? » Kama ni za programu, funga mfuko.

Na ile sauti iliyopotea? Faili ya video ni kama gunia. Majina 3gp, mp4, avi ao mkv ni gunia la nje tu. Ndani, picha na sauti kila moja imefinywa kwa njia yake. Magunia mawili yanaweza kufanana, mawe ya ndani yakawa tofauti: wachimbaji hawahitaji kufundishwa hilo. Simu nyingi za zamani ziliweka sauti kwa njia inayoitwa AMR, iliyotengenezwa kwa ajili ya maongezi ya simu, na programu nyingi za kompyuta haziijui. VLC inabeba kodeki zake yenyewe ndani, hakuna ya kununua pembeni. Kwa yule mama iliwekwa kwa dakika chache, na sauti ikatoka. Video zile tulimwomba azinakili mahali pengine pia, maana flashi inakufa bila kuaga.

Kuiweka si kazi ngumu. Faili ya Windows iko na megabaiti 40 na kidogo. Mtu mmoja akiipakua kwenye videolan.org, avenyu nzima inaweza kuipitishiana kwa flashi bila intaneti. Toleo la 3.0, la mwaka 2018, linakubali hata Windows XP yenye SP3, kwa hiyo usikubali kuambiwa mashine yako ni ya kutupa. Chagua Kifaransa wakati wa kuiweka. Picha ikikwamakwama, ingia Outils, kisha Préférences, ujaribu kuwasha ao kuzima « décodage matériel ». Sauti ikichelewa nyuma ya mdomo, bonyeza J; ikitangulia, bonyeza K.

Tuangalie jambo moja lakini. Mwaka 2022 kampuni ya Symantec ilieleza jinsi wadukuzi walivyotumia VLC ya kweli kuficha faili mbaya pembeni yake. Flashi inayozunguka kartie nzima ni njia nzuri ya ugonjwa kama huo. Pitisha faili moja tu ya kuweka, si folda iliyokwisha kufunguliwa. Kwenye ukurasa wa kupakua kuna alama ya herufi na namba 64. Kwenye Windows, amri certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, inatoa alama ya faili uliyonayo. Zikitofautiana hata herufi moja, futa.

Vijana wengine walituuliza kama wanaweza kuijenga wenyewe. Ndiyo. Maandishi yake, mengi kwa lugha ya C, yako wazi kwa kila mtu. Inafaa kompyuta yenye Linux, kama Debian ao Ubuntu, na intaneti ya kuleta vifaa mwanzoni. Kisha zinafuatana bootstrap, configure na make. Ya mwisho ndiyo ndefu. Kwenye mashine ya zamani inaweza kula masaa, na umeme wa hapa tunaujua. Ukikatika katikati, usilie: ukirudi, andika make tena, na kwa kawaida itaendelea pale ilipofikia.