Jini Yule na Jini Lile: Lugha ya Mashabiki wa Filamu za Kutisha katika Shimanzi, Mombasa

Kwa muda mrefu uchunguzi wa istilahi za Kiswahili umefanywa zaidi katika nyanja zile zilizo na wizara, vitabu vya shule au mitihani. Sheria, kilimo, sayansi na isimu yenyewe zimepata orodha zake. Burudani imeachwa kando, kana kwamba watu wachekapo au waogopapo hawahitaji maneno ya kupimia kicheko na hofu yao. Makala haya yanakusudia kuitazama sehemu moja ndogo ya uwanja huo, nayo ni lugha ya mashabiki wa filamu za kutisha, hasa zile zisizojulikana sana na zilizotengenezwa kwa fedha chache, pale wanapozijadili na kuzitolea hukumu.

Mahali penyewe ni Shimanzi. Huu ni mtaa wa maghala (magodauni, kama wafanyao kazi humo wayaitavyo), matangi ya mafuta na malori, ulioko upande wa magharibi wa kisiwa cha Mombasa, jirani na Makande na bandari ya Kilindini. Si mtaa unaotajwa katika historia ya ushairi, kama itajwavyo mitaa ya Mji wa Kale, wala mtafiti wa lahaja hana desturi ya kuanzia hapo. Lakini kwa jambo hili unafaa kuliko Mji wa Kale, kwa sababu kazi ya bandari huwakutanisha Mmvita, Mgiriama, Mdigo, Mtaita, Mkamba na Mjaluo, na kila mmoja huja na viumbe vyake vya kutisha, ilhali lugha ya kuvisimulia ni moja.

Hadhira ya Mombasa ni ya kale katika mambo ya sinema. Majumba kama Regal, Naaz na Majestic yalikuwa na watazamaji wake, na filamu za Kihindi zilipendwa hata na wasiojua neno la Kihindi. Baadaye kanda za video ziliingia majumbani. Minou Fuglesang aliyaeleza mabadiliko hayo kwa upande wa wasichana wa Lamu katika kitabu chake cha mwaka 1994. Baada ya majumba ya sinema vikaja vibanda vya video, na baada ya vibanda ikaja simu ya mkononi. Kila hatua iliongeza idadi ya filamu za bei nafuu: za ndugu wa Ramsay wa Bombay, watengenezaji wa Purana Mandir (1984) na Veerana (1988), za Nijeria, ambazo biashara yake ilifunguka hasa baada ya Living in Bondage (1992), na za Tanzania, ambazo zilishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Jambo la kwanza linalostahili kuangaliwa ni neno kutisha lenyewe. Wafasiri huliweka mahali popote penye filamu ya aina hii, na kazi ikaishia hapo. Mashabiki hawaridhiki nalo. Filamu inayopiga kelele ya ghafla wakati mlango unapofunguliwa huambiwa kwamba inashtua, na kushtua si sifa kubwa, kwa kuwa hata paka aweza kumshtua mtu. Filamu ya matumbo na damu nyingi inatia kinyaa. Iliyomwacha mtazamaji akitembea katikati ya njia, mbali na vichochoro, ndiyo iliyotia hofu. Na ile ya juu kabisa husimamisha malaika, yaani vinyweleo vya mwilini. Hali hiyo ina jina lake jingine, kimbimbi, ambalo limo katika kamusi za zamani na ambalo wasomi wengi wamelisahau. Isitoshe, katika usemi wa vijana kutisha limegeuka kuwa sifa: mchezaji hodari wa mpira anatisha, na mwimbaji vilevile. Kwa hiyo asemaye kwamba filamu fulani inatisha huenda anasema tu kwamba ni nzuri, hata kama ni ya mapenzi. Neno ambalo wafasiri wanalitegemea kuliko yote ndilo lililochakaa kuliko yote.

Jambo la pili ni gharama. Filamu iliyotengenezwa kwa fedha chache husemwa kuwa ni ya kuungaunga, na kasoro zake zinajulikana na kuhesabiwa: damu iliyo rangi, kivuli cha mpiga picha ukutani, jini aliyevaa saa ya mkononi. Mtu angetazamia kwamba filamu ya namna hiyo ingekataliwa moja kwa moja. Sivyo. Kuungaunga ni kosa dogo iwapo kitishacho kina jina katika lugha ya mtazamaji, na ni kosa kubwa kikiwa hakina. Kiumbe kilichobuniwa katika studio ya mbali, ambacho mtazamaji hajapata kuambiwa habari zake na bibi yake, hakina budi kujengwa upya mbele ya macho yake, na ujenzi huo una gharama. Jini mwanamke mwenye kwato za punda hahitaji kujengwa. Kila mtoto aliyekulia Mombasa ameshasikia habari za mwanamke mzuri akutwaye usiku, ambaye uzuri wake wote huishia kwenye miguu. Mtengenezaji filamu ana kazi moja tu: asiionyeshe miguu hiyo mapema.

Mfano ulio bora zaidi, ingawa haujulikani kama umepata kutiwa katika filamu, unatoka kwa Wagiriama. Mmisionari W. E. Taylor, katika msamiati wake wa Kigiriama uliochapishwa mwaka 1891, alimweleza katsumbakazi, pepo mfupi sana ambaye huweza kuonekana hata mchana na ambaye anaona haya kwa ufupi wake. Akikutana na mtu humwuliza alimwonea wapi. Mtu akijibu kwamba amemwona papo hapo, hataishi siku nyingi. Akijibu kwamba alimwona tangu kule mbali, hupona, na pengine hupata bahati. Hapo hapahitajiki damu, wala mashine, wala mapambo ya uso. Panahitajika njia ya mchangani, waigizaji wawili na swali moja, pamoja na hadhira inayolijua jibu ambalo anayeulizwa halijui.

Hata hivyo jina peke yake halitoshi. Lazima liwe jina la mtazamaji mwenyewe. Jambo hili laonekana katika filamu mbili za Mussa Banzi wa Dar es Salaam, zilizotengenezwa kwa video na kwa fedha chache mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ya kwanza ni Nsyuka. Jina hilo ni la Kinyakyusa, na abasyuka, kama alivyoandika Monica Wilson katika miaka ya 1950, ni wazimu wa ukoo, wafu ambao walio hai wanawajibika kwao. Katika filamu neno limehamishwa kutoka kwa mhenga hadi kwa dubwana. Mtu wa Rungwe ataona kwamba jambo zito limechezewa. Mtu wa Shimanzi ataona dubwana tu, kisha ataanza kuzichunguza kasoro za meno yake. Ya pili, Shumileta, ni habari ya jini mwanamke, na jini hana haja ya kutambulishwa kutoka Lamu hadi Mtwara. Pesa zilikuwa chache katika zote mbili. Tofauti imo katika umbali ambao jina linaweza kusafiri.

Hapa isimu ina la kusema, na pengine ndipo kiini cha suala lote. Inajulikana kwamba nomino za viumbe hai huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine: kipofu amekuja, simba ameonekana. Viumbe vya kutisha vinasimama mpakani. Methali husema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, na zimwi hapo limepewa li-, kama jiwe au jitu. Jini aghalabu hupewa a-: jini amempanda, jini amekataa kutoka. Kizuka huyumba, kizuka kimetokea au kizuka ametokea. Yumbayumba hii imekwisha kutajwa na wanasarufi, lakini imechukuliwa kuwa ni suala la umbo au la lahaja. Katika mazungumzo juu ya filamu ina kazi nyingine. Linganisha sentensi hizi:

Jini yule alipogeuka, wote tulinyamaza.
Jini lile lilikuwa na kwato za karatasi.

Aliyetumia ya kwanza amekubali kwamba kilichokuwa katika picha ni kiumbe. Aliyetumia ya pili amekirudisha kwenye vitu. Anamwona mwigizaji, gundi na karatasi. Li- ya namna hii ni ile ile ya ukubwa na dharau isikikayo katika jitu na jizi, lakini hapa kinachodharauliwa ni kazi ya fundi, si jini wenyewe, ambao msemaji huenda akawachelea sana. Hukumu juu ya filamu nzima inaweza kupita katika silabi hiyo moja, hata kabla ya neno zuri au baya kutamkwa. Yawezekana pia msemaji kuanza na yule na kumalizia na lile, pale filamu ilipomvunja moyo katikati. Si kanuni isiyovunjwa, maana wako wasemao majini yale katika hali zote. Lakini mwelekeo huo unastahili kupimwa kwa rekodi za sauti, na sarufi zilizoandikwa kutokana na vitabu pekee haziwezi kuubainisha.

Ugumu wa tafsiri unadhihirika hasa katika neno zombi. Kiswahili cha Tanzania bara kina msukule, mtu ambaye watu walidhani amekufa, wakamzika, kumbe mchawi amemchukua na kumfanya mtumwa wa kulima usiku, hana utashi wala kauli. Kusini mwa nchi hiyo huitwa ndondocha. Si maneno ya asili ya pwani ya Kenya, lakini magazeti na filamu za Tanzania zimeyafikisha. Je, msukule ni zombi? Jibu linategemea filamu. White Zombie (1932), ambayo nayo ilikuwa ya gharama ndogo, imewekwa Haiti, na wafu wake wanasukuma kinu cha sukari kwa faida ya bwana wao. Hao ni misukule bila ubishi. Neno la Kiswahili linawatosha kuliko la Kiingereza, kwa sababu linabeba habari ya kazi na utumwa. Lakini Night of the Living Dead ya George Romero (1968), iliyotengenezwa karibu na Pittsburgh kwa kiasi cha dola 114,000, ina wafu wasio na bwana wala kazi, ambao hula watu. Romero mwenyewe hakuwaita zombi katika filamu hiyo. Jina walilopewa humo ni lile ambalo Kiingereza kililichukua katika Kiarabu, ghul, na mla watu katika ngano za Waswahili ni zimwi. Mfasiri atakayeandika msukule hapo atamfanya mtazamaji amtafute mchawi aliyewatuma, naye hatamwona hadi mwisho.

Filamu hiyo hiyo inavunja kanuni nyingine ya mashabiki, ile isemayo kwamba stelingi hafi. Stelingi, mhusika mkuu, ni neno lililozaliwa katika kumbi za sinema na vibanda vya Afrika Mashariki, halikutungwa na kamati yoyote, na linabeba nadharia nzima ya usimulizi: tangu picha inapoanza hadhira hutafuta nani ni stelingi ili ijue nani wa kutomhofia. Kwa Romero stelingi, aliyeigizwa na Duane Jones, anaokoka usiku kucha na wafu, kisha anauawa asubuhi kwa risasi ya watu waliokuja kuokoa. Aliyezoea kanuni atasema kwamba filamu imeharibika. Mwingine atasema kwamba hapo ndipo ilipoanza kutisha kweli, kwa kuwa kitishacho sasa kina bunduki na kibali cha serikali. Huo ni ubishi wa kihakiki, na unaendeshwa kwa Kiswahili bila msaada wa istilahi za darasani.

Wapo waliolichukua jambo hili kama kazi. Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa kuingiza sauti yake juu ya picha; nchini Kenya DJ Afro amefanya vivyo hivyo, hasa kwa filamu za mapigano. Msimulizi wa namna hii hawezi kukwepa uamuzi. Kiumbe kikitokea tu hana budi kukiita, na mara moja kukipa a- au li-. Akikosea jina, filamu imekufa mikononi mwake mbele ya watazamaji. Wafasiri wa maandishi yanayopita chini ya picha wana nafasi zaidi ya kufikiri. Hata hivyo orodha walizo nazo zinawapa filamu ya kutisha kwa jumla, na zombi kwa kila mfu atembeaye. Msimulizi akiondoka maneno yake huondoka naye, isipokuwa yale yaliyobaki katika kanda, na kanda hizo hazijawekwa katika maktaba ya chuo ili zipate kuorodheshwa.

Atakayeanza kazi hiyo ya kuorodhesha atakutana mapema na tatizo la wingi. Misukule wanalima, kwa wa-, ingawa nomino ni ya m-/mi-; hapo walimwengu wamekubali kwamba waliochukuliwa bado ni watu. Zombi, likiwa neno geni, limeingia moja kwa moja katika ji-/ma-: mazombi yanakuja. Lakini yumo katika filamu nyingi za aina hii yule ndugu au mke ambaye dakika chache zilizopita alikuwa akizungumza, na sasa yumo miongoni mwao. Juu yake mashabiki hawajapatana kama aitwe yule au lile, na sarufi haijawaamulia.