Kurudisha Sand Scorcher Kabatini

Anayefungua Sand Scorcher ya mwaka 1979 huanza kuijua kwa pua. Juu ya chesisi kuna kisanduku cha plastiki angavu, kilichoundwa ili maji yasiingie kwenye betri na redio, na kwa miaka zaidi ya 40 kisanduku hicho kimefungia harufu ya grisi iliyoganda na mpira uliozeeka. Mara nyingi kimefungia pia unga mweupe kwenye ncha za betri, na kutu ya kijani pale waya wa shaba ulipoachwa wazi.

Gari hili la kuongozwa kwa redio lilitoka Tamiya, kampuni ya mji wa Shizuoka, Japani, iliyoanza mwaka 1946 kama kiwanda cha kupasua mbao. Gari lake la kwanza la redio, Porsche 934, lilitoka mwaka 1976. Ili asikosee umbo lake, Shunsaku Tamiya wa kampuni hiyohiyo alinunua Porsche 911 ya kweli, na ikafunguliwa kipande kwa kipande. Moyo huohuo umo ndani ya Sand Scorcher iliyofuata miaka mitatu baadaye. Kwa kipimo cha 1 kwa 10, ni Volkswagen Beetle ya mashindano ya jangwa la Baja California. (Afrika Mashariki inaikumbuka Beetle kwa vumbi lake lenyewe: ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962.) Chini ya bodi kuna chesisi ya faibaglasi na mikono ya magurudumu ya metali ya kusubu, iliyopangwa kwa kuiga Volkswagen yenyewe. Hata ukiligeuza gari hili tumbo juu, kuna cha kutazama, na hapo ndipo linapostahili kabati la vioo.

Gari linalorudi mchangani linahitaji vipuri vizima. Linalokwenda kabatini linahitaji vipuri vyake lenyewe, na tofauti hiyo ndiyo huamua kazi yote. Tamiya ilitoa tena Sand Scorcher mwaka 2010, jambo lililowafurahisha wanaotaka kuikimbiza. Kwa mrudishaji, urahisi huo una mtego. Akibadilisha leo mkono mmoja uliochubuka, kesho rimu, keshokutwa bodi, mwishowe ataweka kabatini gari la 2010 lenye jina la 1979.

Kwa hiyo kazi huanza kwa picha. Kila upande, kila waya unapopita, kila skrubu ilipo, kabla bisibisi haijashikwa. Na bisibisi yenyewe si yoyote. Skrubu za Kijapani za enzi hizo zinafanana na zile za nyota tulizozoea, lakini mfereji wake umechongwa kwa kiwango cha Kijapani, JIS. Bisibisi ya kawaida ya nyota hupanda juu inapokazwa, ikala kichwa cha skrubu. Skrubu iliyokaa humo tangu gari lilipounganishwa huharibiwa hivyo kwa sekunde mbili, na hakuna msasa wa kuirudisha.

Kisha betri. Wengi wamezoea betri ya gari la kawaida, yenye tindikali, na hukimbilia magadi kuituliza. Hapa mambo yamegeuka. Betri za gari hili, za nikeli na kadimiamu, zina haidroksaidi ya potasiamu, ambayo yenyewe iko upande wa magadi, hivyo kinachoituliza ni siki. Pamba iliyoloweshwa siki kidogo hupitishwa kwenye ncha, kisha maji safi, kisha kukaushwa vizuri. Glavu ni lazima, kwa kuwa kadimiamu ni sumu. Betri iliyovuja haichomwi wala haitupwi jalalani pamoja na maganda ya ndizi. Waya nao wakaguliwe, maana uozo wa betri hutambaa chini ya ganda la plastiki mbali na ulipoanzia. Ukikwangua shaba ukaikuta nyeusi, kata hadi inapong'aa.

Bodi ndiyo inayoponza wengi. Imetengenezwa kwa plastiki ngumu ya polistairini, na asetoni, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kuondoa rangi ya kucha, huiyeyusha. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki wa zamani hutoa uchafu mwingi kuliko inavyodhaniwa. Rangi mbaya iliyopakwa juu kwa brashi inaweza kulegezwa kwa alkoholi ya isopropili, ikijaribiwa kwanza upande wa ndani. Lakini rangi aliyoipaka mwenye gari wa kwanza, hata ikiwa na mchirizi, ni bora ibaki. Mkono wa mtoto wa mwaka 1979 haupatikani dukani. Stika zilizokatika pembeni nazo zibaki.

Tairi zina ujanja wake. Mpira ukiubeba uzito wa gari mwaka baada ya mwaka hujibonyeza mahali pamoja, na vilainishi vinavyotoka kwenye mpira hula plastiki ya polistairini ikigusana nao. Kigogo kidogo chini ya chesisi, tairi zikining'inia nusu sentimita juu ya rafu, humaliza yote mawili.

Kabati likae mbali na dirisha, kwa sababu jua hupausha stika. Betri hairudishwi ndani. Nafasi yake inabaki tupu chini ya kifuniko angavu, na kila kingine kilichoondolewa, hadi ule waya mweusi uliokatwa, kinawekwa kwenye bahasha yenye tarehe, nyuma ya gari.