Mipaka na Haki ya Kujitenga: Kutoka Cairo hadi Biafra, na Suala la Watamil

Kila mapambano ya Watamil wa Sri Lanka yanapojadiliwa katika madarasa ya siasa, wanafunzi hugawanyika. Wengine husema kila taifa linaloonewa lina haki ya kujitenga. Wengine hujibu kwamba kujitenga ni ukabila mtupu, na kwamba Afrika ilikwisha kuukataa. Pande zote mbili huweza kuitaja Tanzania kuwa shahidi wao, kwani mwaka 1964 nchi yetu iliitetea mipaka, na mwaka 1968 ikaitambua Biafra. Yatupasa basi kuichambua misimamo hiyo miwili kabla ya kuwahukumu Watamil au watawala wao.

Mkutano wa wakuu wa nchi za OAU uliofanyika Cairo Julai 1964 uliazimia kwamba kila nchi mwanachama iheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa kupata uhuru. Aliyetoa hoja hiyo ni Mwalimu Nyerere. Somalia na Morocco hazikuikubali. Mwalimu hakuipenda mipaka ya wakoloni. Kwa mzaliwa wa Butiama lingekuwa jambo la ajabu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipiga mstari kutoka pwani hadi ukingo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, na Wakurya wakagawanywa, hawa Tarime na ndugu zao upande wa Kenya, bila kuulizwa. Mstari ule ni wa kipuuzi. Lakini je, dawa yake ni kupiga mwingine? Mtu akitoka Manyamanyama, akapita Ikizu na Butiama hadi Tarime, atasikia lugha kadhaa kabla jua halijazama. Kama kila lugha ingedai bendera yake, Mkoa wa Mara peke yake ungekuwa na dola ngapi? Na nani angefaidika na vijidola hivyo kama si mabeberu?

Hiyo ndiyo maana ya azimio la Cairo. Mipaka iliheshimiwa kwa sababu kuivunja kungewaletea umma vita. Heshima hiyo ilikuwa kwa ajili ya watu. Asiyeliona hilo hawezi kuelewa lililofuata.

Mwaka 1966 maelfu ya watu wa Nigeria ya Mashariki, wengi wao Waibo, waliuawa Kaskazini mwa nchi hiyo. Waliosalia walirudi kwao kwa wingi, wengine wakiwa na majeraha na bila mali. Dola iliyopaswa kuwalinda haikuwalinda, na baadhi ya askari wake walikuwa miongoni mwa wauaji. Mazungumzo ya Aburi, nchini Ghana, ya Januari 1967 yalizaa makubaliano ambayo kila upande uliyafasiri kwa namna yake. Tarehe 30 Mei 1967 Ojukwu alitangaza Jamhuri ya Biafra, na Julai vita vikaanza. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Gabon, Ivory Coast na Zambia zilifuata mwezi uliofuata. Katika Afrika hakuna nyingine iliyothubutu. Nigeria ilivunja uhusiano wa kibalozi nasi.

Hoja ya Tanzania ilikuwa kwamba umoja wa nchi hujengwa juu ya ridhaa ya wananchi. Sehemu ya wananchi ikiwindwa na kuuawa, na dola ikashindwa kuwapa usalama, dola hiyo haiwezi tena kudai utii wao kwa mtutu wa bunduki.

Hata hivyo kada hapaswi kuikariri hoja hii na kuishia hapo. Mashariki hapakuwa na Waibo peke yao. Walikuwapo Waefik, Waibibio, Waijaw na wengineo, na sehemu kubwa ya mafuta ilikuwa katika maeneo ya makabila hayo madogo. Wengi wao hawakuitaka Biafra. Mwijaw Isaac Boro alipigana upande wa Serikali ya Shirikisho mpaka akauawa mwaka 1968. Kwa maoni yangu msimamo wetu wa 1968 ulikuwa wa haki, lakini swali la wachache walio ndani ya wachache tulilipita haraka mno. (Mabeberu nao hawakukosekana: Uingereza iliipa silaha Lagos, bega kwa bega na Urusi ya Kisovyeti, na Ufaransa ikaisaidia Biafra.) Vita vilikwisha Januari 1970, baada ya njaa kuua watu wengi kuliko risasi.

Tuipeleke mizani hiyo Sri Lanka. Mwaka 1948, nchi hiyo ikiwa bado inaitwa Ceylon, sheria ya uraia iliwaacha bila uraia wengi wa Watamil wa mashamba ya chai, wavujajasho ambao wazee wao waliletwa na Waingereza kutoka India ya Kusini. Mwaka 1956 Kisinhala kilifanywa lugha pekee ya serikali. Mapatano ya 1957 na kiongozi wa Watamil, Chelvanayakam, yalitupwa mwaka uliofuata. Vyama vya Watamil vilidai dola yao huko Vaddukoddai mwaka 1976, miaka 28 baada ya sheria ile ya uraia. Na Julai 1983 Watamil wakawindwa mitaani Colombo kama Waibo wa 1966. Anayeuita mwenendo huo ukabila wa Watamil aeleze ni njia gani ya amani ambayo hawakuijaribu.

Lakini mizani ina sahani mbili. Chui wa Ukombozi wa Eelam waliwaua viongozi wa Watamil wenzao waliotofautiana nao, na Oktoba 1990 wakawafukuza Waislamu wa Kaskazini, watu waliozungumza Kitamil kama wao, makumi ya maelfu kwa muda wa siku chache. Waliodai dola kwa sababu ya kufukuzwa wakawa wafukuzaji hata kabla dola haijapatikana.

Jeshi la serikali liliwashinda Chui Mei 2009, na raia wengi sana waliuawa katika miezi ya mwisho. Sababu zilizoleta azimio la Vaddukoddai hazikuzikwa pamoja nao. Mabaraza ya majimbo yaliyoundwa kwa marekebisho ya katiba ya 1987 hayakupewa kikamilifu madaraka ya ardhi na polisi. Wapigakura wa Kaskazini walisubiri mpaka mwaka 2013 kulichagua baraza lao, na lilipomaliza muda wake mwaka 2018 uchaguzi mwingine haukuitishwa kwa wakati wake.