Hita ya Maji Inapovuja: Zima Umeme Kwanza

Mkazi anayeona hita ya maji ikivuja nyumbani hapaswi kuigusa kabla ya kuzima umeme kwenye swichi kuu, kwani maji na umeme vikikutana huua. Kisha afunge koki ya maji yaingiayo kwenye hita na kuchunguza yanakotokea. Yakivuja kwenye maungio ya bomba, fundi huweza kuyarekebisha. Yakidondoka kwenye valvu ya usalama, isizibwe kamwe: maji yakipata moto hutanuka, na valvu hiyo hupunguza shinikizo, ikizibwa, tangi laweza kulipuka. Tangi lenyewe likitoboka kwa kutu, libadilishwe. Baada ya matengenezo, umeme usiwashwe hadi tangi lijae maji, ili koili isiungue.