Satchel Paige: Mrushaji Aliyehesabiwa Mara Mbili

Aghalabu, mtu anayetaka kuujua ukubwa wa mchezaji wa besiboli nchini Marekani haulizi alivyocheza, bali huuliza alihesabiwa ngapi. Yamkini hapana mchezo mwingine ulioipa tarakimu heshima kubwa kiasi hicho. Kila mpira unaorushwa huandikwa, kila pigo huandikwa, na maandishi hayo hutunzwa mithili ya hati za ardhi. Kwa mrushaji wa mpira, vilele viwili ndivyo vilivyotamaniwa zaidi tangu zamani: kupata ushindi 300 na kuwatoa wapigaji 3,000. Cy Young, aliyecheza mechi zake za mwisho mwaka wa 1911, aliacha ushindi 511. Nolan Ryan, aliyeacha kucheza mwaka wa 1993, aliwatoa wapigaji 5,714. Mashabiki huzijua tarakimu hizi kwa ghibu.

Makala haya yanamhusu mrushaji ambaye, kwa miaka 70 hivi, daftari rasmi lilisema kuwa alishinda mara 28 tu. Mnamo mwaka wa 2024, daftari hilo hilo likasema kuwa alishinda mara 125. Hakuwa ameshinda mechi nyingine yoyote ya ligi kuu katika muda huo. Isitoshe, alikuwa kaburini kwa miaka 42. Tunanuia kueleza jinsi jambo hili lilivyowezekana.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo huu, yafaa tuufafanue kidogo. Besiboli ni jamaa ya kriketi. Timu mbili za watu tisa tisa hupokezana zamu ya kupiga na ya kulinda uwanja. Mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji aliyeshika rungu. Tofauti na kriketi, mpira haudundi ardhini kabla ya kumfikia mpigaji, na mrushaji anaruhusiwa kukunja kiwiko apendavyo. Ndiyo sababu mkono wake huumia upesi. Mpigaji akikosa mara tatu hutolewa. Wakitolewa wapigaji watatu, zamu hubadilika. Mechi ya kawaida huwa na awamu tisa. Mwishoni, ushindi wa timu huandikwa kwa jina la mrushaji mmoja, yule aliyekuwa kazini timu yake ilipotangulia na isifikiwe tena. Hata hivyo, mrushaji aliyeianza mechi hapewi ushindi huo asipomaliza walau awamu tano. Msomaji aiweke akilini kanuni hii ya awamu tano, kwani tutairejelea.

Leroy Robert Paige alizaliwa tarehe 7 Julai 1906 mjini Mobile, katika jimbo la Alabama. Lakabu yake, Satchel, maana yake ni mkoba. Husimuliwa kwamba aliipata utotoni alipokuwa akibeba mizigo ya abiria katika stesheni ya reli. Mwaka wa 1918, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa katika shule ya kurekebisha watoto weusi huko Mount Meigs kwa makosa ya utoro na wizi mdogo mdogo. Alikaa humo hadi Desemba 1923. Ni humo pia ambamo kocha mmoja, Edward Byrd, alimfunza kuinua mguu juu kabla ya kurusha na kumsoma mpigaji anavyosimama. Mwaka wa 1926 alianza kulipwa kwa kucheza, mjini Chattanooga.

Je, kwa nini mrushaji wa kiwango chake asianzie katika ligi kuu? Hapakuwa na sheria yoyote iliyoandikwa ya kumzuia. Palikuwa na mapatano ya wenye timu, yaliyoanza mwishoni mwa karne ya 19, kwamba mtu mweusi asisajiliwe. Wamarekani Weusi wakaunda ligi zao wenyewe. Ile ya kwanza iliyodumu iliasisiwa na Rube Foster mwaka wa 1920. Paige alizichezea timu nyingi za ligi hizo, zikiwemo Birmingham Black Barons, Pittsburgh Crawfords na Kansas City Monarchs. Siku ya 4 Julai 1934 aliwarushia wapigaji wa Homestead Grays mechi nzima bila hata mmoja wao kufika kituoni kwa pigo lake mwenyewe, huku akiwatoa 17. Mrushaji anaweza kucheza miaka 20 asipate siku kama hiyo. Lau ingalikuwa katika ligi ya Weupe, mechi hiyo ingalifundishwa kwa kila kijana ashikaye mpira.

Huko ndiko tatizo la hesabu linakoanzia. Ligi za Weusi zilikuwa na ratiba fupi, kwa kuwa timu hazikuweza kuishi kwa mapato ya ligi pekee. Zilizunguka mji hadi mji zikicheza mechi za kirafiki na yeyote aliyekuwa na uwanja na watazamaji: timu za viwanda, za vijiji, hata za wachezaji maarufu wa ligi kuu baada ya msimu wao kwisha. Paige alipambana hivyo na Dizzy Dean katika miaka ya 1930, na mwaka wa 1946 akazuru nchi pamoja na kikosi cha Bob Feller. Mwaka wa 1935 aliirushia timu ya Bismarck, North Dakota, iliyokuwa na Weusi na Weupe pamoja. Mwaka wa 1937 alikwenda Jamhuri ya Dominika kuichezea timu iliyobeba jina la dikteta Trujillo. Mechi hizi ndizo zilizomlisha, na zilimfanya arushe mipira karibu mwaka mzima. Magazeti ya Weusi, kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier, yalijitahidi kuchapisha matokeo. Hata hivyo, yalitoka mara moja kwa wiki na hayakuwa na waandishi wa kutuma kila mahali. Matokeo mengine yalichapishwa nusu, mengine hayakuchapishwa kabisa.

Pengo hilo Paige alilijaza kwa mdomo wake. Alidai kuwa alirusha katika mechi zipatazo 2,500 na kushinda 2,000. Alipoulizwa umri wake, alisema kuwa mbuzi aliila Biblia ya familia ambamo tarehe ya kuzaliwa kwake ilikuwa imeandikwa. Msomaji aliyepitia somo la fasihi simulizi atalitambua jambo hili mara moja. Mtu asiyekuwa na daftari huhifadhiwa na masimulizi, na masimulizi hayana haya ya kuongeza chumvi. Wapo waliotumia chumvi hiyo kama kisingizio cha kutupa sahani nzima. Kwa maoni yangu, waliokosea zaidi si wale walioyaamini masimulizi ya Paige, bali wale waliofanya ukosefu wa maandishi kuwa ushahidi wa ukosefu wa kipawa.

Mwaka wa 1938, akiwa Meksiko, mkono wake ulikufa ganzi. Hakuweza kuunyanyua. Mrushaji asiye na mkono hana kazi, naye hakuwa na bima wala mkataba wa kumlinda. Mmiliki wa Kansas City Monarchs, J. L. Wilkinson, alimpa nafasi katika timu yake ya pili iliyozunguka mashambani, si kwa sababu alitarajia apone, bali kwa sababu jina lake pekee lilitosha kuwaleta watazamaji. Mwaka wa 1939, pasi na yeyote kuelewa vyema ilikuwaje, mkono ulirejea. Mwaka wa 1942 aliwasaidia Monarchs kuwashinda Homestead Grays katika fainali ya Ligi za Weusi.

Jackie Robinson alipovunja ukuta wa rangi mnamo tarehe 15 Aprili 1947 mjini Brooklyn, Paige aliona uchungu, na hakuuficha. Alikuwa nyota kwa miaka 20, lakini aliyechaguliwa kuingia kwanza alikuwa kijana. Zamu yake ilifika tarehe 7 Julai 1948, siku aliyotimiza miaka 42, ambapo Bill Veeck alimsajili katika timu ya Cleveland Indians, ambayo siku hizi huitwa Guardians. Mhariri wa jarida la Sporting News, J. G. Taylor Spink, aliandika kwamba kumsajili mtu wa umri huo ni kuidhalilisha ligi. Siku mbili baadaye Paige aliingia uwanjani, akawa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kuianza ligi kuu.

Jibu lake alilitoa mwezi wa Agosti. Tarehe 3 aliianza mechi dhidi ya Washington mbele ya watazamaji 72,434, akashinda. Tarehe 13, mjini Chicago, aliwanyima White Sox hata alama moja katika awamu zote tisa. Tarehe 20 alifanya hivyo tena kwa timu ile ile, mara hii Cleveland, na waliolipa kumtazama walikuwa 78,382. Msimu ulipokwisha alikuwa ameshinda mara sita na kushindwa mara moja. Cleveland iliponyakua ubingwa mwaka huo, Paige alikuwa mrushaji mweusi wa kwanza kurusha katika World Series, yaani fainali ya ligi kuu, ingawa alipewa muda mfupi mno: aliwatoa wapigaji wawili tu. Baadaye aliichezea St. Louis Browns kuanzia 1951 hadi 1953, na miaka miwili mfululizo akachaguliwa katika kikosi cha nyota wa ligi. Hivyo ndivyo alivyofikisha ushindi 28, akiwa ameshindwa mara 31. Daftari la ligi kuu lilizijua tarakimu hizo peke yake.

Tarehe 25 Septemba 1965, Charlie Finley, mwenye timu ya Kansas City Athletics, alimrejesha kwa usiku mmoja. Ilikusudiwa iwe mzaha wa kuvutia watazamaji. Kando ya uwanja aliwekewa kiti cha kubembea kama babu. Paige alikuwa na miaka 59. Alirusha awamu tatu dhidi ya Boston Red Sox. Ni Carl Yastrzemski pekee aliyefika kituoni kwa pigo lake mwenyewe, na Boston haikupata alama. Alipotoka, timu yake ilikuwa mbele. Lakini awamu tatu si tano, na hata hivyo Athletics walishindwa mwishoni. Hadi leo hajatokea mtu mwenye umri mkubwa kumliko aliyerusha katika ligi kuu.

Huenda msomaji akadhani kwamba mjadala wa tarakimu ni wa mashabiki wasio na kazi. La hasha. Pensheni ya wachezaji ilitegemea muda uliotambuliwa katika ligi kuu, na zile safari za Birmingham, Pittsburgh na Kansas City hazikutambuliwa. Paige alipungukiwa na siku 158. Aliziomba timu nyingi nafasi yoyote ile. Hatimaye, mwezi wa Agosti 1968, Atlanta Braves ilimwandika kazi kwa kusudi hilo hasa, ili azikamilishe siku hizo. Mtu aliyejaza viwanja vya watu 70,000 alilazimika kuombewa siku.

Jumba la Mashujaa wa Besiboli lililoko Cooperstown nalo lilikuwa na kigingi chake: misimu kumi katika ligi kuu. Mwaka wa 1966, Ted Williams, mpigaji mahiri wa Boston, alipokuwa akiingizwa katika jumba hilo, aliitumia hotuba yake kuomba kwamba Paige na Josh Gibson wakumbukwe, kwa kuwa walikosa kuwamo kwa sababu tu hawakupewa fursa. Miaka mitano baadaye, Paige aliteuliwa. Wakuu wa jumba walitaka kwanza kuwatengea wachezaji weusi mahali pao pa kando. Watu wakapiga kelele, na mpango ukaachwa. Tarehe 9 Agosti 1971 aliingia kama wengine. Alifariki tarehe 8 Juni 1982 mjini Kansas City.

Kilichofuata ni kazi ya uvumilivu. Watafiti, wengi wao wa kujitolea, walipekua kurasa za magazeti ya kale, mechi baada ya mechi, wakilinganisha taarifa na kuzitenga mechi za ligi na zile za kirafiki. Mnamo Desemba 2020 wakuu wa ligi kuu walitangaza kwamba Ligi za Weusi saba za kati ya 1920 na 1948 zilikuwa ligi kuu pia. Mnamo Mei 2024, baada ya kazi ya kamati iliyoongozwa na mwanahistoria John Thorn, tarakimu za wachezaji zaidi ya 2,300 ziliingizwa katika daftari moja na za wengine. Gibson akampiku Ty Cobb kwa wastani wa upigaji. Paige akatoka ushindi 28 hadi 125.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba hesabu imekamilika. Rekodi zilizopatikana zilikadiriwa kuwa takriban robo tatu ya mechi za ligi, na zile za Bismarck, za Jamhuri ya Dominika na za ziara zote za kirafiki hazimo, kwa kuwa hazikuwa za ligi. Ushindi 125 bado uko mbali na 300, na haumkaribii Cy Young. Mtu akimpima Paige kwa kigezo hicho atamweka chini ya warushaji wengi ambao leo hakuna awakumbukaye. Ama ile mechi ya Septemba 1965, haikuongezewa kitu. Imeandikwa kama ilivyokuwa: awamu tatu, pigo moja, alama sufuri, ushindi hakuna.